Miche Mitatu kwa Shimo Moja

Binti yangu wa mwisho alipofika mwezi wa sita wa mimba, daktari wa Isiolo alimwambia alale. Si kulala usiku tu. Alale mchana na usiku, asiinue mtungi, asiiname, asitembee zaidi ya kwenda choo na kurudi. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeishia mwezi wa saba, na mtoto yule alikaa nasi siku moja tu. Safari hii daktari hakutaka mchezo. Binti yangu alimsikiliza, akaitikia vizuri, halafu akatoka nje ya hospitali akanipigia simu huku analia. Hakuwa analilia kulala. Alikuwa analilia shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa Rapsu, mbele ya Kinna, mahali ambapo maji ya mto huletwa kwa mfereji mpaka kwenye vipande vya watu. Kaunti ilikuwa imetia simiti sehemu ya mfereji ule, na tangu hapo kila mtu alikuwa anataka kipande. Binti yangu alingoja kwenye orodha miaka miwili ndipo akapata nusu ekari. Na sheria ya kamati ya mfereji kila mtu anaijua: shamba likikaa bure msimu mmoja, anapewa yule anayefuata kwenye orodha. Hakuna kusema nilikuwa mgonjwa, hakuna kusema nilifiwa. Mume wake alikuwa akichunga ngamia za watu upande wa Merti, na mtu aliye malishoni huwezi kumwekea tarehe.

Nikamwambia, "Njoo ulale kwangu. Mimi nitaenda."

Nilijua anawaza nini. Mimi nilikuwa nakaa Bulla Pesa, chumba kimoja cha kupanga, na kazi yangu ilikuwa kupika nyirinyiri, ile nyama inayokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa mpaka ikauke, halafu ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Watu wa safari walinijua. Nilihamia mjini ng'ombe wetu walipokwisha, na kabla ya mji nilikuwa mtu wa ng'ombe, na mama yangu mtu wa ng'ombe, na mama yake pia. Jembe sikuwahi kulishika. Tulipokuwa wadogo, tukimwona mtu wa jembe tulimwonea huruma, tukaulizana masikini huyu mifugo yake ilikwenda wapi.

Akaniuliza kama nitaweza. Nikamwuliza yeye alizaliwa na nani.

Tukabadilishana hivyo. Yeye akalala kwenye kitanda changu, jirani wa mlango wa pili akawa anampikia, na mimi nikapanda gari la Kinna na blanketi yangu, birika yangu, na moyo mzuri kabisa. Nasema ukweli, sikuogopa hata kidogo. Nilijiambia kwamba kitu chochote kinachokunywa maji na kukua, mimi siwezi kushindwa nacho.

Na mwanzoni niliwaonyesha. Pale Rapsu wageni wengi hushindwa na zamu ya maji, kwa sababu maji huja kwa saa, na ukichelewa yamekwenda kwa mwenzako. Mimi nilikulia visimani. Kwetu kuna mzee wa kupanga zamu ya kisima, tunamwita aba herega, na akishasema mifugo ya nani inakunywa leo na ya nani inangoja kesho, hata tajiri hufunga mdomo. Babu yangu alikuwa ndiye. Kwa hiyo mambo ya zamu sikufundishwa na mtu. Siku ya pili tu nilimkuta mwanamume mmoja, mtu mzima na ndevu zake, ameziba mfereji na gunia la udongo ili maji yaendelee kwake wakati saa yake imekwisha. Nikamwambia avue viatu, aingie mwenyewe, aondoe gunia lake. Akaingia, akaliondoa. Baada ya hapo watu wa mfereji wote wakaanza kuniita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana, hata wale ambao si Waborana.

Isipokuwa jirani yangu wa upande wa kulia. Huyo aliniita shosho, maana ile ile. Alikuwa mama wa Kimeru, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto, aliyeolewa Kinna akiwa msichana na kuzaa huko. Jina lake ninalo, na majina ya watoto wake wote kwa kufuatana, na ya baba yake. Lakini watu hawa karibu wote wako hai na wengine wanasoma, kwa hiyo majina nayaacha kichwani mwangu, yakae huko.

Huyu mama ndiye aliyenifundisha kupanda. Binti yangu alikuwa ameshanunua mbegu za tikiti maji kabla ya kuambiwa alale, na mistari ilikuwa imeshachimbwa. Jirani akanionyesha: shimo moja, mbegu tatu, udongo kidogo juu, usikanyage. Nikauliza kwa nini tatu. Akasema mbegu nyingine hukataa kuota, na ukiweka moja moja utabaki na shamba la mapengo.

Basi nikapanda tatu tatu. Kiuno kiliniuma siku nne. Na baada ya wiki moja hivi nikaamka asubuhi nikakuta zimeota. Zangu hazikukataa. Karibu kila shimo lilikuwa na miche mitatu, imekaa pamoja na majani yake mawili mawili ya mviringo, kama watoto walioamshwa sasa hivi. Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Nikampigia binti yangu simu nikamwambia zote zimeota, zote, na nikasikia anacheka kitandani kwangu.

Wiki mbili baadaye jirani akaja, akaangalia, akasema haya, sasa punguza. Kila shimo ubaki mmoja. Akainama, akashika mche mdogo kwa vidole viwili, akaung'oa na kuutupa kando kama mtu anayetoa nyuzi kwenye nguo. Kisha akashika mwingine.

Nikamshika mkono.

Nieleze kidogo hapa, maana mtu ambaye si wa mifugo anaweza kusema nilikuwa mjinga tu. Kwetu mwanamume ana ng'ombe na mwanamke ana ndama. Ndama hawaendi malishoni, wanabaki nyumbani, na msichana akishajua kutembea vizuri anaanza kuwakatia majani. Na kazi yenyewe si yule ndama mwenye nguvu. Huyo anajilea. Kazi ni yule aliyezaliwa wakati mbaya, ambaye miguu inatetemeka, ambaye mama yake hana maziwa. Huyo unamlaza ndani ya nyumba karibu na moto, unamletea majani mororo uliyoyatafuta mbali, unamnywesha kwa mkono. Mwanamke aliyeweza kumsimamisha ndama wa namna hiyo alisifiwa visimani. Mimi nilisifiwa. Kila mmoja niliyemsimamisha namkumbuka kwa jina na kwa rangi. Sasa mtu anakuja kuniambia, chagua mwenye nguvu, wale wawili tupa.

Nikamwambia jirani shamba lake alilime anavyotaka, na hili aniachie mimi.

Nikafanya kinyume kabisa. Ile miche dhaifu ndiyo niliyoishughulikia zaidi. Baada ya zamu ya maji kwisha nilibaki na kikombe, napita shimo kwa shimo, namwagia yule mdogo peke yake. Nilileta samadi kavu ya mbuzi nikaiponda kwa jiwe, nikawatilia wale wanyonge. Na ikaitika. Hakufa hata mmoja. Jirani akipita kwenye ukingo anatikisa kichwa.

"Shosho, hii si shamba," akasema siku moja. "Hii ni nyumba ya yatima."

"Na wewe ni mchinjaji," nikamjibu.

Tukacheka sote wawili. Lakini mimi nilikuwa nacheka nikijua nitamshinda.

Mwenyekiti wa kamati hupita mashambani katikati ya msimu na daftari lake, anaangalia kila kipande. Alipofika kwangu, miche ilikuwa na wiki tano na zaidi. Nilikuwa nimejifunga leso mpya kwa ajili yake. Nilijua shamba langu ndilo lenye kijani nyingi kuliko yote, na hata sasa nasema hivyo, kijani ilikuwa nyingi. Akasimama. Akaangalia shamba la jirani, akaangalia langu, akaangalia tena la jirani. Kule kamba za tikiti zilikuwa zimekimbia, zimetambaa hatua tatu nne, na maua ya manjano yamefunguka. Kwangu kila shimo lilikuwa na kichaka kidogo, miche mitatu imesimama inasukumana shingo, hakuna hata mmoja uliotoka shimoni kwenda popote. Kwa kuwa niliiangalia kila siku, sikuwa nimeona.

Huyu mwenyekiti nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Nikamkumbusha hivyo. Nikamwambia mama yake alichota maji na mimi, na kwamba yeye alikuwa mtoto wa kulia sana. Nilidhani hiyo itatosha. Umri wangu uliniingiza mahali pengi bila kubisha hodi, na sikuona kwa nini usiniingize hapa.

Akanisikiliza kwa adabu, macho chini, kama inavyotakiwa. Halafu akasema, "Akko, wale walio kwenye orodha nao wana mama zao. Nitarudi baada ya mwezi mmoja. Nikikuta tunda, sawa. Nisipokuta, nitamwita wa kwanza, na wewe mwenyewe utanisaidia kumwonyesha mpaka."

Akaandika kitu kwenye daftari, akanisalimia tena, akaenda.

Jioni ile binti yangu akapiga simu kama kawaida yake. Alikuwa ameingia mwezi wa saba. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea polepole hata akiwa amelala. Akauliza tikiti zinaendeleaje. Nikasema zinaendelea. Akauliza mwenyekiti amepita. Nikasema amepita, ametusalimia. Sikudanganya, lakini yote sikuyasema. Lile shamba kwake halikuwa udongo. Alishaniambia mara nyingi: mtoto huyu akizaliwa hatalishwa kwa kungoja ngamia za watu wazae. Na mimi ndiye niliyekuwa nalipoteza, kwa upendo wote ule na kikombe changu mkononi.

Asubuhi nikavuka ukingo, nikaenda kwa jirani. Nilikuwa sijawahi kuingia shamba lake kuliangalia, nilikuwa naliona tu kutoka kwangu. Nikachuchumaa kwenye shimo moja. Shina moja, nene kama kidole gumba, na kutoka hapo kamba zimekwenda kila upande kama zina haraka. Jirani alikuwa anapalilia. Hakunitania, na yeye si mtu wa kupoteza utani. Nadhani alikuwa amesikia ya mwenyekiti, maana pale mfereji hubeba maji na habari pamoja.

Akaja akakaa kwenye ukingo karibu nami. Nikamweleza mambo ya ndama. Akasema alishaelewa hayo tangu siku nilipomshika mkono, kwa sababu mume wake ni Mborana na mama mkwe wake ni vivyo hivyo. Lakini akasema anaona kuna kitu kingine.

Kilikuwepo. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Mwezi huu ni wa saba," nikamwambia. "Mwezi kama huu ndipo tulipomzika yule wa kwanza. Sikutaka mkono wangu ung'oe kitu chochote kidogo."

Aliondoa udongo kwenye jembe lake kwa kidole, polepole.

"Shosho," akasema, "tikiti haimjui binti yako. Binti yako yuko Bulla Pesa, amelala, anakula. Hapa kuna tikiti tu."

Maneno ya kawaida kabisa, lakini yalinifanya nikae chini, nikaacha kuchuchumaa. Nikakaa kwenye udongo wa shamba lake, na nikiwa nimekaa pale nikamkumbuka mama yangu, na si kwa yale ninayopenda kuyasimulia.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi, kiangazi kilikuwa kibaya, na tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyezaa katikati ya njaa ile. Ndama alikuwa mzima. Mama yangu aliwatazama wote wawili kwa siku mbili, ng'ombe na ndama, akitembea kuwazunguka. Siku ya tatu akamtoa ndama. Hakumpa mtu. Akamtoa afe, basi, ili yule mkubwa abaki na uhai ndani yake. Mimi nililia, nikakataa kula. Mama hakunipiga wala hakunibembeleza. Ng'ombe yule akaivuka njaa, na akazaa tena mara nne, na ndama niliowalea nikiwa bibi arusi walitoka kwake.

Hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa nayo siku zote. Lakini nilipozeeka nilichukua nusu moja tu ya kazi ya mama yangu, ile tamu ya kunywesha kwa mkono, na nusu nyingine nikaiacha mahali fulani nikajifanya haikuwepo. Kisha nikawaambia watu kwamba watu wa ng'ombe ndivyo tulivyo. Si kweli. Watu wa ng'ombe tulikuwa tunatazama kwanza siku mbili.

Nikasimama, nikamwambia jirani anionyeshe.

Akasema nimechelewa kung'oa. Mizizi ilikuwa imeshashikana, ukivuta mmoja unatikisa wote. Ilibidi kukata kwa kisu chini kabisa, usawa wa udongo. Akasema atanisaidia tumalize haraka. Nikakataa. Hii ilikuwa ni yangu.

Nilikwenda shimo la kwanza nikasema bismillahi, kama mtu anayechinja, na nikakata. Miwili ikalala. Shimo la pili vilevile. Mashimo ya mwanzo nilikawia sana, nikichagua, nikirudia. Nilipofika mstari wa tatu nikaona jambo la kunichekesha: lile jicho langu la ndama, ambalo nilidhani natakiwa kulizima, ndilo lililokuwa linanifanyia kazi. Mtu wa tikiti huangalia ukubwa akaacha mkubwa. Mimi niliona mengine. Huu mkubwa lakini shingo yake ina doa, huu mdogo lakini umesimama wima na jani lake la mwisho limefunguka asubuhi hii. Mara kadhaa niliacha mdogo nikakata mkubwa. Jirani akapiga kelele kutoka kwake kwamba nimeanza tena mambo ya yatima. Nikamwambia atulie.

Kazi ilichukua siku mbili na nusu. Iliyokatwa nikaikusanya kwenye gunia, jirani akawapa mbuzi wake. Nikaenda kuwaangalia wakila. Walikula vizuri.

Kwa siku sita saba hapakuwa na kitu. Shamba lilikuwa kama kichwa kilichonyolewa. Zamu yangu ikifika nafungua maji, nafunga, naondoka. Kikombe nilikirudisha kwa chai. Halafu siku ya nane au ya tisa, kamba ya kwanza ikatoka shimoni. Kesho yake zikatoka nyingi. Sijui kama umewahi kuona tikiti likiamua kwenda. Asubuhi liko hapa, jioni limevuka mstari, linashika majani kwa vidole vyake vyembamba, linajivuta. Ya jirani yalikuwa mbele yangu kwa wiki nzima na zaidi, lakini langu nililiona likikimbia na nikajua miguu yake.

Matunda yalipofika ukubwa wa ngumi, jirani akaja na maneno yake kwenye ncha ya ulimi, amejitayarisha kuniambia nipunguze tena, kila mmea ubaki na matunda mawili. Akakuta nimeshapunguza. Akahesabu kwa kidole, akakuta mimea mingine ina matatu, na mingine ina moja tu.

"Nani alikufundisha hii?" akauliza.

Nikamwambia ng'ombe mwenye maziwa mengi anaweza kunyonyesha mapacha, na mwingine mmoja tu anamshinda, na hilo halihitaji semina. Akaenda kwake. Baada ya siku mbili nikamwona naye anaacha matatu matatu kwenye mimea yake yenye nguvu. Nilikohoa tu.

Mwenyekiti alirudi siku aliyosema. Matunda yalikuwa yamefika ukubwa wa kichwa cha mtoto, yamelala kwenye majani makavu niliyoyatandika ili yasioze chini. Alitembea mistari yote, mmoja baada ya mwingine, akigonga huku na huku kwa kidole. Mwisho akafunga daftari lake. Akasema shamba lipo kazini. Ni hayo tu aliyosema, na akakubali chai.

Binti yangu alijifungua mwezi wa tisa, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nilipata habari nikiwa nimesimama juu ya lori la mnunuzi, nawahesabia vijana matikiti wasiyatupe kama mawe. Nikakaa juu ya matikiti yenyewe nikamshukuru Mungu, na lori likaningoja.

Sasa nilikuwa na picha kamili kichwani. Binti yangu akimaliza arobaini atakuja na mtoto. Nitampa shamba lake kama mtu anavyorudisha ng'ombe aliyeachiwa, amenenepa, na ndama ubavuni. Nitapanda gari la Isiolo siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshapanga hata nyama nitakayoanza nayo na duka nitakalonunua mafuta. Nilitayarisha ardhi tena, nikachoma magugu, nikafungua mistari, nikaacha kupanda ili mwenye shamba achague mwenyewe.

Akaja kweli. Aliteremka kwenye bodaboda na mtoto kifuani, amenawiri, na tukakaa kwenye mkeka chini ya kibanda cha nyasi pembeni mwa shamba. Nikamshika mtoto. Nikangoja aliangalie shamba. Aliangalia chai, akaangalia mkeka, akaniuliza habari ya mgongo wangu mara mbili. Shamba hakuliangalia.

Mimi ni mama yake. Nikamwambia aseme.

Akasema. Alipokuwa amelala chumbani kwangu, watoto wa ploti, wa vyumba vile vingine vya kupanga, walikuwa wanaingia kumtazama, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya alianza kuwafundisha herufi, amelala kwa ubavu, wao wamekaa sakafuni. Wakawa wengi. Mama zao wakamwambia kaunti inatafuta walimu wa chekechea. Yeye alikuwa na cheti cha kazi hiyo tangu kabla ya kuolewa, kiko kwenye sanduku, hata mimi nilikuwa nimekisahau. Akatuma barua. Akaitwa. Alikuwa amejibiwa wiki mbili zilizopita na alikuwa ameogopa kuniambia kwa simu. Shule ilikuwa Isiolo mjini, na ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

"Mama, nimekuharibia?" akauliza.

Hasira ilikuja, sitaificha. Ilikuja na hesabu zake zote: kiuno changu, mwenyekiti, ile miche niliyoikata kwa bismillahi. Nilitaka kumwambia kwamba nimelishika shamba lake kwa meno. Lakini maneno yenyewe, nilipoyapanga mdomoni, yalikuwa na neno moja lisilokuwa sawa, nalo ni *lake*. Yeye alikuwa ametaka mtoto wake asingoje ngamia za watu. Alikuwa amelipata hilo kwa njia nyingine, akiwa amelala kwenye kitanda changu, bila jembe. Mimi ndiye niliyekuwa bado nimeshikilia mpango wa mwezi wa sita wakati yeye alikuwa ameshavuka mistari mitatu mbele.

Nikatazama tena ile picha yangu ya kurudi Bulla Pesa. Nilikuwa naipenda. Nikaipitia polepole, sufuria, mafuta, mlango wangu, abiria wakiniita. Kisha nikaangalia ile ardhi nyeusi iliyokuwa mbele yetu, mistari yake niliyoifungua mimi. Na nikajishika nikiangalia kona ya juu, ile yenye udongo mzito, nikiwaza kwamba pale maji hukaa muda mrefu kupita kwingine, na kwamba msimu huu pale pasipandwe kitu kinachochukia maji. Mtu anayeondoka kesho hawazi hivyo.

Nikamwambia binti yangu, "Kuna sufuria kubwa chini ya kitanda. Ile nzito. Usimwazime mtu, hata wa mlango wa pili."

Alinitazama. Halafu akaelewa kwamba chumba ni chake, akaanza kulia, na mtoto naye akaanza, na mimi nikalazimika kuwanyamazisha wote wawili, mama kwa chai na mtoto kwa kumbeba mgongoni.

Walirudi Isiolo Jumamosi. Jumapili nikaenda kwa mwenyekiti, nikamkuta nyumbani kwake anatengeneza baiskeli. Nikamweleza. Akasema sheria inaruhusu shamba kwenda kwa mzazi, lakini kwa mzazi anayelima mwenyewe, si wa kupangisha. Akasema alidhani mimi nilikuja kulinda tu. Nikamwambia nami nilidhani hivyo.

Akaingia ndani akaleta daftari, akapangusa mikono kwenye suruali. Kuna mstari wa mwenye shamba, na karibu yake kuna mstari wa kile atakachopanda msimu unaokuja. Ule wa kwanza akaujaza. Akafika wa pili, akangoja, kalamu juu.

"Akko, niandike nini? Tikiti tena?"

Nilifikiri vizuri. Tikiti nilikuwa naliweza sasa, na jibu lilikuwa rahisi.

"Acha wazi," nikamwambia. "Nitalitazama siku mbili kwanza."